Msituhesabu kwa Kututazama Upande Mmoja

Vijana wenzetu, na ninyi ndugu zetu wa mashirika, leo tuongee michemraba.

Wengi wetu hapa kambini tulifanya mtihani wa kuchagua watakaosomea ufundi. Ukurasa mzima ni picha za michemraba iliyopangwa. Iko mingapi? Ukiitazama kutoka juu unaona nini? Na kutoka pembeni? Tukaanguka. Tukaambiwa eti hatuna akili ya maumbo.

Tunakataa! Kaka zetu wanaopanga matofali ya kuchoma wanajua idadi ya yale ya ndani bila kuyaona. Kilichotushinda ni mchoro. Hakuna aliyewahi kutuonyesha jinsi rundo linavyolazwa kwenye karatasi.

Basi tukakata mche wa sabuni vipande vipande, tukapanga wenyewe. Kumbe siri ni ndogo. Chora rundo linavyoonekana kutoka juu, ndani ya kila kiraba andika idadi ya vipande vilivyosimama pale. Jumlisha: umepata vyote, hata vilivyojificha. Unataka mwonekano wa mbele? Kila mstari unaoelekea nyuma, chukua namba kubwa tu. Wa pembeni, fanya hivyohivyo kwa mistari inayokatiza.

Wala si sisi tu. Kule Marekani, kwenye chuo cha Michigan Tech, mhandisi Sheryl Sorby alianza mwaka 1993 kuwafundisha somo hili wanafunzi wa uhandisi walioanguka jaribio kama letu. Alama zao zikapanda. Kama ni akili ya kuzaliwa nayo, mbona inafundishika?

Sasa fumbo letu kwenu, watu wa mashirika. Kutoka juu kunaonekana viraba vinne, viwili kwa viwili, vyote vimejaa. Kutoka mbele, kila mstari una kimo cha vipande viwili. Kutoka pembeni, vilevile. Ni vipande vingapi? Msikimbilie kusema nane. Vinaweza kuwa saba, vinaweza kuwa sita, na picha zote tatu zisibadilike hata kidogo. Pangeni mjionee.

Kama rundo la sabuni linaweza kumdanganya aliyelitazama pande tatu, ninyi mmetujuaje sisi kwa ukurasa mmoja?

Hatuombi mtihani uwe rahisi. Tunataka wiki mbili za mazoezi kabla yake, kwa kila kijana, na vipande vya kushika mkononi. Halafu tupimeni.

Gharama? Mche mmoja wa sabuni. Kisu tunacho.