Ukishamimina, Usiwashe Gari

Ndugu zangu wenye magari, ukifungua boneti, kwa kawaida upande wa dereva, utaona kichupa kidogo ambacho kifuniko chake kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. Hicho ni cha mafuta ya breki, na ndicho kilichonifanya niandike.

Shemeji yangu, hapa Dar es Salaam, aliona taa nyekundu ya breki imewaka kwenye dashibodi. Jumamosi asubuhi akachungulia, akakuta mafuta yamepungua. Tatizo lilikuwa dogo: pedi zilikuwa zimelika, na pedi zikilika mafuta hushuka kwenye kichupa hata kama hakuna tone lililovuja. Pedi mpya zingetosha. Yeye akatoa stoo chupa ya maji ya kunywa yenye mafuta ya rangi ya asali, akajaza mpaka juu. Yalikuwa mafuta ya usukani.

Siku ya tatu pedali ikawa ngumu, gari likawa zito kama linaburuta mzigo, rimu za mbele hazishikiki kwa moto. Fundi alipofungua masta silinda alinionyesha mipira yake kiganjani: imevimba na kulegea kama maharage yaliyolala kwenye maji. Mipira ya breki haikuundwa kukutana na mafuta ya jamii ya petroli, huyanywa ikatanuka. Ikabidi masta ibadilishwe, na mipira ya magurudumu yote manne, na mabomba yaoshwe. Pedi nazo bado zilikuwa zinasubiri.

Simlaumu. Kulishika gari lako kwa mkono wako ni jambo jema: pima upepo, badilisha taa, safisha chujio la hewa. Ila breki si zako peke yako. Kuna mtoto anayevuka kwenye zebra akitoka shule, naye anazitegemea kuliko wewe.

Kwa hiyo nawaomba: ukigundua umemimina kisicho chake, ishia hapo hapo. Usiwashe gari, usikanyage pedali hata kwa kujaribu, maana kila ukikanyaga unayasukuma mbele zaidi. Yakiwa bado kichupani, fundi ana nafasi ya kuyanyonya kabla hayajafika mbali. Na umwambie ukweli. Shemeji alisema hajagusa kitu, fundi akahangaika na magurudumu nusu siku nzima. Aibu ile naielewa, lakini mafundi wameshaona makubwa kuliko hayo.

Nanyi wenye maduka ya vipuri, mteja akiomba mafuta, muulizeni yanakwenda wapi.

Wikendi hii tuingie stoo. Kila chupa ya maji au ya soda yenye mafuta ndani tuiandike jina kwa kalamu ya wino mzito. Ya breki iliyokaa wazi tusiitumie, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewani. Na ile tusiyoijua tusiimwage mtaroni. Tumpelekee fundi aiweke kando, bila kuichanganya na oili chafu.