Bei ya gesi yaanza kuamua mlo wa Manyatta

MPISHI wa nyumbani wa Manyatta, Kaunti ya Embu, hahitaji kufundishwa kupika githeri. Aliijua tangu utotoni, alipotumwa kuchochea kuni na kuangalia maji yasikauke. Swali linalomkabili siku hizi ni jingine kabisa: je, ataendelea kuipika kwa moto gani, na kwa gharama ya nani?

Swali hili laweza kuonekana dogo mbele ya siasa za uchaguzi na madeni ya taifa. Hata hivyo, ukilifuatilia kutoka mekoni hadi bungeni, utagundua kwamba limebeba mambo mazito: ushuru, misitu, afya ya akina mama na hatima ya vyakula ambavyo jamii za mashariki ya Mlima Kenya zimevitegemea kwa vizazi vingi.

Tuanze na chungu chenyewe. Githeri ya mahindi makavu na maharagwe huchukua saa mbili, tatu au zaidi motoni. Mukimo nao huanza na kazi iyo hiyo kabla ya viazi, ndizi mbichi au majani ya maboga kuongezwa na kupondwa. Njahi, ambazo mama aliyejifungua hupikiwa ili apate nguvu, haziivi kwa haraka pia. Nduma na viazi vikuu havina pupa.

Isitoshe, jiografia yenyewe humwongezea mpishi huyo kazi. Vijiji vya juu, kama vile vya Kairuri na Kibugu, viko kwenye miinuko ya mlima. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kabla ya kufikia nyuzi 100 za Selsiasi. Maana yake ni kwamba maharagwe yale yale yanayoiva mapema Mombasa huhitaji muda mrefu zaidi Manyatta. Kama yamehifadhiwa ghalani kwa miezi mingi penye joto, huwa magumu zaidi.

Chakula cha namna hii kilibuniwa na watu waliokuwa na kuni tele. Moto ulikuwa hauzimwi. Ulipasha nyumba joto, ukakausha mahindi darini na kuivisha chungu wakati watu wakiwa shambani. Saa tatu za moto hazikuwa na bei. Leo zina bei.

Hebu tupige hesabu. Jiko la kawaida la gesi, moto ukiwa wa wastani, hutumia takriban gramu 100 hadi 200 kwa saa. Githeri ya saa tatu basi itameza kati ya gramu 300 na 600. Iwapo mtungi wa kilo sita umejazwa kwa Sh1,200, sufuria moja ya githeri itakuwa imegharimu kati ya Sh60 na Sh120 za gesi peke yake, kabla ya kuhesabu kitunguu, nyanya na mafuta. Ugali na sukumawiki huwa mezani kwa muda usiozidi saa moja. Wali na chapati pia hupikwa upesi.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Gesi haibadilishi tu namna ya kupika, hubadilisha kinachopikwa. Familia inayoacha kuni bila kupata njia ya kupunguza muda wa kupika hujikuta ikiacha maharagwe na njahi, na kukimbilia unga wa ngano na mchele. Vyakula vyenye protini ya bei nafuu huondoka mezani kimyakimya, na hakuna waziri anayetoa taarifa kuhusu kuondoka kwake.

Sera za serikali zimeuzidisha mkanganyiko huu. Mnamo 2016 ushuru wa thamani ya ziada (VAT) uliondolewa kwenye gesi ya kupikia ili wananchi waache kuni na makaa. Julai 2021 ushuru huo ulirejeshwa kwa asilimia 16. Mwaka uliofuata ukapunguzwa hadi asilimia nane, kisha Julai 2023 ukaondolewa tena. Katika miaka saba, mwananchi yule yule aliambiwa anunue mtungi, akatozwa kwa kuutumia, kisha akasamehewa. Ni nani atakayepanga bajeti ya jikoni kwa mwendo huo?

Mafuta ya taa nayo yaliwekewa tozo ya Sh18 kwa lita mnamo 2018, kwa hoja kwamba wafanyabiashara walaghai walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Hoja hiyo ilikuwa na msingi. Lakini maskini aliyekuwa akinunua nusu lita dukani ndiye aliyelipa sehemu ya gharama ya udanganyifu ambao hakuufanya.

Mwaka huo huo wa 2018, mwezi Februari, serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Mlima Kenya ni chanzo cha mito inayotegemewa na mamilioni ya watu, na kuulinda ni jambo la lazima. Hata hivyo, wakati huo huo, bei za nishati mbadala zilikuwa zikipanda. Rais William Ruto alipotangaza Julai 2023 kwamba marufuku hiyo imeondolewa, mjadala ulijikita katika viwanda vya mbao. Jiko la mwananchi halikutajwa sana.

Kwa bahati nzuri, mkulima wa Manyatta hajategemea msitu wa serikali peke yake. Grevilea iliyopandwa mipakani mwa mashamba na matawi ya mibuni yanayokatwa wakati wa kupogoa ndiyo kuni za nyumba nyingi. Lakini hata kuni hizo zina mshindani mkubwa. Viwanda vya majani chai vilivyo chini ya KTDA hutegemea kuni kwa wingi ili kukausha majani. Mkulima anayeuza grevilea yake kiwandani hupata fedha za karo, na jioni mkewe huulizwa kwa nini chakula kimechelewa.

Mkewe, nasema, kwa sababu mzigo huu bado umewaelemea wanawake. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia nchini zilikuwa zikipika kwa kuni, ilhali waliotumia gesi walikuwa takriban robo moja. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni mnamo 2020. Kwa hivyo, anayetuhimiza turejee kwenye mafiga kwa sababu tu githeri ya kuni ni tamu, anasahau ni mapafu ya nani yanayolipia utamu huo.

Gesi pia ina hatari zake. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko katika kituo cha gesi kilichokuwa kikiendeshwa kinyume cha sheria mtaani Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi mamia. Kanuni za 2019 zilikusudiwa kuzuia ujazaji haramu wa mitungi. Lakini kanuni isiyokaguliwa haimlindi mtu, na bei ikiwa juu, mjazaji haramu hakosi wateja.

Tufanyeje basi? Wapishi wenyewe wana sehemu ya jawabu. Kuloweka maharagwe usiku kucha hupunguza muda wa kupika. Sufuria ya presha hupandisha kiwango cha joto ambacho maji huchemkia, na hivyo kumfaa zaidi anayeishi mlimani kuliko aliye pwani. Chungu kilichochemka vyema kikifunikwa na kuwekwa ndani ya kikapu kilichosheheni nguo au blanketi huendelea kuivisha bila moto. Baadhi ya watu hutia magadi. Hayo hulainisha maharagwe kweli, lakini huharibu vitamini B1. Si busara kuokoa gesi kwa kupoteza lishe.

Mengine yanahitaji mkono wa serikali. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko papo hapo Embu. Mkulima huuliza mbegu itazaa magunia mangapi na itahimili ukame kiasi gani. Ni wakati sasa swali la tatu lipewe uzito ule ule: itaiva kwa dakika ngapi?

Serikali ya kaunti nayo isijifiche nyuma ya Nairobi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti majukumu yanayohusu usambazaji wa stima na gesi pamoja na usimamizi wa nishati. Sheria ya Kawi ya 2019 inazitaka ziandae mipango yake ya nishati. Mpango wa Embu utakuwa na maana ukihesabu sufuria za presha, majiko bora ya kuni na ukaguzi wa mitungi vijijini, badala ya nguzo za stima pekee. Jirani zetu wa Tanzania walizindua mkakati wao mnamo 2024, wakilenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia kufikia 2034. Malengo si matokeo, lakini asiye na lengo hapimiki.

Wanasiasa wasidhani kwamba jikoni hakuna wapiga kura. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipopendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, hasira ya wananchi ilitangulia ufafanuzi wa wataalamu. Mapendekezo hayo yaliondolewa, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, na siku iliyofuata Rais akatangaza kuwa hangeutia saini mswada huo. Wakenya wengi hawakuwa wameusoma. Walikuwa wameuona kwenye sahani.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Ushuru nafuu wa gesi ni jifya moja. Vifaa na mbegu zinazopunguza muda wa kupika ni la pili. La tatu ni usalama wa anayepika, dhidi ya moshi na dhidi ya mtungi mbovu. Kwa sasa tumeweka la kwanza, tena linatikisika kila bajeti inaposomwa. Mpishi wa Manyatta ameshikilia chungu mkononi, akisubiri mawili yaliyosalia.