Maji ya Mzima na Fungu la Ndama

Kila mfugaji ajua kwamba ng'ombe hakamuliwi mpaka tone la mwisho. Hata akiwa na watoto wenye njaa nyumbani, mkamuaji mwenye akili humwachia ndama fungu lake, kwa maana ndama akifa leo, huenda kesho mama yake akakataa kutoa maziwa. Jambo hili linalofahamika sana zizini, watu wengi hulisahau wafikapo penye maji.

Mfano wake uko Mzima, katika Mbuga ya Tsavo Magharibi. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu haifanyi mito huko, kwa sababu mawe na majivu ya volkano huyanywa maji yote. Maji hayo husafiri chini ya ardhi kwa muda mrefu, yakichujwa na mawe, hata yatokeze Mzima, umbali wa kilomita 50 hivi, nayo ni safi kama kioo. Hapo hufanya vidimbwi vikubwa, kisha huingia katika Mto Tsavo. Mto huo hukutana na Athi ukaitwa Galana, na karibu na Malindi huitwa Sabaki, ndipo uingiapo baharini.

Kisiwa cha Mombasa hakina mto wa maji baridi. Mji ulipozidi kukua, maji ya Marere katika vilima vya Shimba hayakutosha tena, na katika miaka ya 1950 bomba lililazwa kutoka Mzima mpaka Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 200. Mtu asiyepata kungoja maji tangu alfajiri, na debe mkononi, asiseme kwamba kazi hiyo haikuwa na maana.

Lakini Mzima palikuwa na wenyeji tangu zamani, na tangu mwaka 1948 mahali hapo palikuwa ndani ya mbuga ya kulinda wanyama. Kwa hiyo maji ya bomba yalitegwa chini ya mawe, kabla hayajatokeza nje, wala si katika vidimbwi vyenyewe. Na maji mengine yakaachwa yatiririke kama desturi yake.

Yafaa kufahamu sababu ya uangalifu huo. Kiboko hutoka majini usiku akaenda kula majani nchi kavu, na mchana hurudi akatoa samadi ndani ya maji. Samadi hiyo ni chakula cha wadudu wa majini na cha samaki wa jamii ya ningu. Wadudu huliwa na samaki wengine, na samaki huliwa na mnandi na mamba. Kiboko ni kama mkulima atiaye mbolea shambani; akiondoka yeye, shamba lote hudhoofika. Maji yakipungua mno, kiboko hukosa mahali pa kujificha jua, na samaki hukosa mahali pa kuzalia.

Hata hivyo maji peke yake hayatoshi. Ukame wa mwaka 2009 ulipokuja, chemchemi za Mzima hazikukauka, lakini majani ya kandokando yaliliwa yakaisha, na viboko wengi wakafa kwa njaa huku maji yakiwapo. Hivyo anayetaka kuilinda chemchemi hana budi kuyalinda na malisho yanayoizunguka, na misitu ya Chyulu inayopokea mvua. Msitu huo ukikatwa au kuchomwa, hasara itamfika kiboko wa Mzima na mama wa Mombasa pia.

Shauri la kulaza bomba la pili kutoka Mzima limezungumzwa kwa miaka mingi. Haja ya watu wa Pwani ni ya kweli, wala si haki kuwaambia wastahimili kiu kwa ajili ya mnyama. Lakini swali la kwanza lisiwe ukubwa wa bomba, bali ni maji kiasi gani yatakayobaki mtoni katika mwezi wa ukame mkali. Apimaye mto wakati wa masika hujidanganya mwenyewe.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yaagiza kwamba kuwe na akiba ya maji isiyoguswa, kwa mahitaji ya lazima ya watu na kwa uhai wa mito na viumbe vyake. Sheria hiyo si ya mabomba makubwa tu. Wanakijiji wanaochimba mfereji, na kamati inayojenga bwawa dogo, wote wana jirani aliye chini ya mto, naye huenda ni mvuvi, au mkulima, au samaki asiyeweza kuja barazani kutoa malalamiko yake.

Ndama naye hasemi. Mkamuaji mwema humkumbuka kabla chombo chake hakijajaa.