SEHEMU YA 4: "Hasikii huyo, bado mdogo"

Mama zangu, leo sina upole. Wiki hii nimelisikia tena lile neno, na limetoka kwa mwenzangu aliyevaa sare kama yangu. Mtoto njiti anatobolewa kisigino mara ya tatu kwa siku moja, analia mpaka rangi inabadilika. Mama yake kaambiwa asubiri nje. Nikauliza, jamani, hata mama asimshike? Jibu: "Hasikii huyo, bado mdogo."

Anasikia. Tena sana.

Neno hili limeumiza watoto wengi. Mpaka miaka ya 1980, huko Marekani na Uingereza, kuna vichanga waliopasuliwa bila dawa ya kutosha ya maumivu, eti ubongo wao haujakomaa. Mwaka 1987 Dk. Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji walipata misukosuko michache kuliko wasiopewa. Mwaka 2015, Oxford hiyohiyo, vichanga wa siku chache waliwekwa kwenye mashine ya MRI na kuguswa mguu kwa kitu chenye ncha. Sehemu 20 za ubongo huamka mtu mzima akiumia. Kwa vichanga ziliamka 18.

Sasa mguse mwanao kisogoni. Humo ndani kuna serebelamu, ubongo mdogo. Shuleni tulifundishwa kazi yake ni mizani ya mwili: kukaa, kusimama, kutembea. Ni kweli, ila haiishii hapo. Mtu akiumia, nayo huamka. Watu waliopata kiharusi sehemu hiyo walipopimwa, joto la kuunguza liliwauma zaidi kuliko wenzao. Maana yake serebelamu inasaidia kuyatuliza maumivu.

Na inakua kwa kasi miezi ya mwisho ya mimba na mwaka wa kwanza. Mtoto njiti muda huo anaumalizia wodini, katikati ya sindano. Kule Vancouver, Kanada, watoto waliozaliwa njiti sana walipimwa wakiwa na miaka 7. Waliotobolewa mara nyingi zaidi utotoni, baadhi ya sehemu za serebelamu zao zilikuwa ndogo zaidi. Maambukizi nayo yalihusika, kwa hiyo sisemi sindano ndiyo peke yake. Lakini baada ya hapo, nani atathubutu kuniambia "atasahau tu"?

Wenzangu mtasema: wagonjwa wengi, manesi wachache. Najua, nami nipo zamu hizohizo. Lakini ziwa la mama halihitaji bajeti. Kifua cha mama hakiagizwi bohari. Kumtoa mama nje ndiko kunakotuletea kazi, maana mtoto anayerukaruka anatobolewa mara mbili.

Mama, usije ukakimbia chanjo kwa sababu ya post hii! Sindano mbili tatu za kliniki si sawa na mamia ya kutobolewa wodini, na surua haina huruma. Fanya hivi:

1. Mnyonyeshe kabla kidogo na wakati wa sindano. Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo tangu 2015.
2. Mpakate mwenyewe, usimlaze mezani.
3. Kama sindano ni zaidi ya moja, omba inayouma zaidi iwe ya mwisho.
4. Usimpe panadol kabla ya chanjo kwa ajili ya maumivu. Haishauriwi.
5. Una njiti wodini? Omba umweke kifuani, ngozi kwa ngozi, wakati anatolewa damu. Uliza pia kama vipimo viwili vinaweza kuchukuliwa kwa kutoboa mara moja.

Ukijibiwa "hasikii huyo", sema kwa heshima: "Nesi, anasikia. Naomba nimshike." Usiondoke hapo.

Mtumie wifi yako mwenye mimba. Sehemu ya 5 inakuja.