Kumtoa Mtu kwa Kura

Waingereza wana msemo mfupi ambao wanachama wetu hupenda kuurudia barazani: hukitwaa kitendo cha kupiga kura, wakakifuatishia neno la "nje", na maana yake ni kumtoa mtu madarakani kwa kura. Ni msemo mtamu, lakini tunaona umekwisha kuwalevya baadhi yetu, wakadhani kuwa katika karatasi ya kura mna mahali pa kutia alama ya kumfukuza mtu. Hapana mahali hapo. Karatasi haituulizi nani atoke. Yatuuliza nani aingie.

Hao Waingereza wenyewe walimtoa Winston Churchill mwaka 1945, hali ametoka kuishinda Ujerumani vitani. Jina lake lilikuwamo katika karatasi za jimbo moja tu, la Woodford, na huko alishinda. Aliangushwa mahali asiposimama: katika mamia ya majimbo watu waliwachagua wagombea wa Labour, hata chama hicho kikapata viti 393. Matokeo yalitangazwa tarehe 26 Julai, na siku ile ile Churchill akajiuzulu. (Na hili si dogo, maana kura haina mikono ya kumvuta mtu kitini.)

Walakini hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta funzo. Katika uchaguzi wa Unguja na Pemba wa Julai 1963, Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, na juu ya hayo ikaambulia viti 13 katika 31. Hizbu na ZPPP walipata 18, wakaunda serikali. Kura za Afro-Shirazi zilifurika katika baadhi ya majimbo, na kwingineko zikapungua. Na kura iliyozidi katika jimbo moja haihamii jimbo la pili. Kinyume chake, Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu.

Basi ndugu makatibu wa matawi, shangwe za mikutano ya mjini tumezisikia, nazo zatosha. Tunachotaka kusikia ni habari za yale majimbo ya shamba ambako tulishindwa kwa kura chache: nani hajaandikishwa, mzee gani hana wa kumfikisha kituoni, na mgombea wetu ni nani huko. Tawi lisiloweza kutujibu hilo la mwisho lisituletee tena habari za kumtoa mtu.