Hati ya Kuhama Iandikwe Kabla ya Kuhama

Seva ya barua pepe iliyozimwa kwa saa chache haipotezi barua. Iliyowashwa vibaya ndiyo ipotezayo. Jambo hili huwashangaza wanafunzi, wala hawana lawama. Lakini kanuni za upelekaji barua, kama zilivyoandikwa upya mwaka 2008, zaitaka seva inayotuma iendelee kujaribu kwa muda wa siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa. Mpokeaji akiwa kimya, barua hungoja katika foleni ya mtumaji. Akijibu kwa namba inayoanza na 4, maana yake ni “rudi baadaye”, nayo hungoja vilevile. Akijibu kwa namba inayoanza na 5, ameikataa kabisa, na mtumaji huarifiwa kuwa barua yake haikufika.

Ndiyo maana kuhama kutoka toleo moja la programu hadi jingine lisilopatana nalo ni kazi ya kalamu kwanza.

Tutazame Postfix, programu aliyoianzisha Wietse Venema alipokuwa IBM, na iliyotolewa kwa umma mwaka 1998. Toleo la 3.0, la mwaka 2015, lilibadili mambo kadhaa ambayo programu huyafuata pale msimamizi asipoagiza lolote. Mojawapo ni swali la nani aaminiwe kupitisha barua zake katika seva. Zamani ziliaminiwa kompyuta zote za mtandao mdogo ambamo seva imo. Sasa huaminiwa seva yenyewe tu. Badiliko hilo ni la busara, maana kompyuta moja yenye virusi yaweza kumwaga barua taka ulimwenguni kwa jina la shule nzima. Walakini shule yenye kompyuta 30 zilizotegemea desturi ya zamani ingeamka na kukuta zote zimezuiwa kupeleka barua nje, ilhali hakuna aliyegusa hata neno moja la faili la mipangilio.

Watengenezaji waliliona hilo. Programu mpya ikikuta faili la zamani lisilotaja kiwango cha upatanifu, huendelea na desturi za zamani, na pale desturi hizo zinapoleta tofauti huandika onyo katika kumbukumbu zake. Msimamizi huyasoma maonyo kwa siku kadhaa, huandika waziwazi yale atakayo yabaki, ndipo hupandisha kiwango. Ipo pia hati inayoeleza kila onyo na jinsi ya kulijibu. Kwa maoni yangu, hati hiyo ni sehemu ya programu kama zilivyo amri zake.

Dovecot, programu inayowawezesha watu kusoma barua zilizohifadhiwa, imefuata njia kali zaidi. Toleo la 2.4, la mwaka 2025, halikubali faili la mipangilio la toleo la 2.3 jinsi lilivyo. Lazima faili litaje kwanza limeandikwa kwa ajili ya toleo lipi, na pia ni toleo gani la zamani kabisa linalopaswa kuweza kusoma yatakayohifadhiwa. Yamkini wapo watakaonung’unika. Mimi naona heri programu ikatae kuwaka kuliko iwake na kukosea.

Swali hilo la pili ndilo wasimamizi wengi hulisahau. Huandika amri za kwenda mbele, wasiandike za kurudi. Tena kurudi si kurejesha programu ya zamani tu: tangu saa ya kuhama, barua mpya zimeingia, na huenda zimehifadhiwa kwa muundo mpya. Anayerejesha nakala ya jana juu yake amezifuta barua za leo. Basi hati itaje saa ambayo baada yake kurudi hakuwezekani tena bila hasara. Postfix ina mpangilio unaogeuza majibu ya 5 yawe ya 4, ili kosa la muda lisigeuke kuwa katao. Hati iseme nani atauwasha, na hasa nani atauondoa, maana ukiachwa, barua zisizo na mwenyewe zitajazana katika foleni.

Walimu wenye kompyuta ya akiba wanaweza kulijaribu hili darasani. Mwanafunzi mmoja aandike hati, na mwingine, asiyeijua seva ile, aifuate neno kwa neno huku mwandishi amenyamaza. Kila atakaposita, mwandishi atie alama pembeni mwa ukurasa.