RISASI ISIYO NA MLIO

 

Njia ninayopita kila jioni nikitoka shuleni inapitia nyuma ya vibanda vya mafundi. Hapo kuna fundi mmoja anayevunja betri kuukuu za magari. Hutoa risasi iliyomo ndani, akaiyeyusha kwa sufuria juu ya makaa, kisha akaiuza. Watoto wa mtaa, mdogo wangu akiwemo, huokota vipande vinavyobaki wakavifanya vya kuchezea. Siku moja nilipiga moyo konde nikamwambia, "Fundi, hiyo kitu ni sumu." Alicheka. "Kijana wangu, nina miaka kumi na tano kwa hii kazi. Unaniona mgonjwa?"

Nilikosa la kujibu. Jibu nimekuja kulipata kwa Clair Patterson, mwanasayansi wa Marekani aliyefariki mwaka 1995.

Patterson hakuanza kwa kutafuta sumu. Alitaka kujua umri wa dunia, na njia yake ilikuwa kupima risasi iliyomo ndani ya kimondo. Lakini wapi! Kila alipopima, hesabu zilivurugika. Kumbe risasi nyingine ilikuwa ikiingia kutoka hewani, kwenye vumbi, hata kwenye nywele za watu! Ilimbidi atengeneze maabara safi ajabu, vyombo vikioshwa kwa asidi tena na tena. Mwaka 1956 akatangaza kwamba dunia ina umri wa miaka bilioni 4.55. Mwingine angepokea sifa akalala. Yeye aliuliza: hii risasi yote imetoka wapi?

Akapima bahari, akakuta maji ya juu yana risasi nyingi kuliko ya kilindini. Yeye na wenzake wakapima barafu ya Greenland, ambayo hujipanga tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, kama kurasa za daftari. Tabaka za karne ya ishirini ndizo zilizojaa. Mkosaji mkubwa alikuwa petroli, iliyoanza kutiwa risasi huko Marekani miaka ya 1920 ili injini zisigonge. Daktari aliyeitetea biashara hiyo, Robert Kehoe, alikuwa akisema kuwa watu wote wana risasi mwilini, hata wakaao mbali na viwanda, kwa hivyo ni jambo la kawaida. Patterson aliandika mwaka 1965 kwamba kawaida sio asili. Tumechafuka sote, ndio maana tunafanana! Baadaye mifupa ya watu wa kale wa Peru ilipopimwa, ilionekana kuwa Wamarekani wa siku zake walikuwa na risasi mara mamia kuliko wale.

Sasa mnaona? "Unaniona mgonjwa?" ya fundi wetu ni hoja ile ile ya Kehoe, tofauti ni suti tu.

Mwalimu wa Kemia alitufundisha kwamba mwili unahitaji chuma, zinki na iodini kwa kiasi kidogo mno, na ukikosa unaugua. Risasi haimo katika orodha hiyo. Mwili huidhania kalisi, ukaiweka akiba mifupani, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwa kuwa ubongo wake bado unakua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Risasi ya bunduki ina mlio, ukiusikia unalala chini. Hii je?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Waulizeni watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri hadi kikafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido alifanya kazi humo, mwanawe akaugua kwa risasi, naye akaanza kupigania mtaa mzima. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapandishwa juu, na ni Desemba 2024 tu ambapo Mahakama ya Juu iliirudisha amri hiyo. Fidia ndiyo hiyo, lakini ubongo wa mtoto haununuliwi dukani.

Maoni yangu, na najua wengine mtanipinga, ni kwamba tusimfukuze fundi. Ana watoto wanaosubiri unga. Kwa nini mwenye duka anayeuza betri mpya asilazimishwe kuichukua ile ya zamani na kuipeleka panapofaa? Yeye ndiye aliyepata faida ya kwanza. Na hao watoto wa mtaani wapimwe damu, tuache kubishana kwa macho.

Nimeandika barua kwa afisa wa afya ya umma. Iko kwa mlezi wa Chama cha Sayansi. Anayetaka kutia sahihi aje wakati wa chakula cha mchana, na kalamu yake, yangu inavuja.